Ukifika polisi anza na vitisho, sio na video

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo wakili, naomba usitaje jina langu. Wiki tatu zilizopita dada mmoja alinifollow Instagram, tukachati siku mbili tukahamia WhatsApp, akapiga video koli akiwa hana nguo na mimi kwa ujinga wangu nikafanya alichotaka. Haikuchukua dakika tano nikaletewa video yangu, sura inaonekana kabisa, na listi ya watu ninaowafuata. Nimeshalipa mara mbili na kila mara anasema ndo ya mwisho. Sasa anataka mara mbili ya ile ya kwanza kabla ya Ijumaa, la sivyo anamtumia mke wangu na bosi wangu. Nimlipe nimalize? Nikienda polisi si mimi ndo nitawekwa ndani kwa ile video? Silali."

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Nakupa jibu fupi kwanza maana najua unasoma huku unaangalia juu ya simu kama ameandika tena. Usimlipe. Ijumaa ikifika usimlipe, na Jumatatu yake akirudi na akaunti mpya usimlipe pia. Polisi nenda, ila sio dakika hii ukiwa unatetemeka na mkononi hamna ushahidi wowote, kuna kazi ya usiku huu kwanza. Na unachoenda kulalamikia kule sio video. Hilo nitalirudia mpaka unichoke, kesi nyingi nilizoona zinaharibikia hapo hapo.

Tumalizane na hela kwanza. We unadhani unanunua video. Video hainunuliki ndugu yangu, sio gari kwamba ukilipa unapewa funguo na kadi yake, hapa we unalipa na yeye anabaki na kopi. Ulipolipa mara ya kwanza alijifunza kitu kimoja, kwamba unazo na unaogopa. Ya pili akajua kwamba hata zikiisha unaweza kukopa. Ndo maana bei imepanda badala ya kushuka. Hawa watu kwao hii ni kazi, wana meseji zimeandikwa tayari wanakopi wanapesti, kuna mteja wangu mmoja aliniletea simu nikasoma vitisho vyote toka juu mpaka chini, katikati jamaa anamwita kwa jina la mtu mwingine kabisa, alisahau kubadilisha. Hata zile "una dakika kumi", kile kipicha cha meseji iliyoandikwa tayari kwa mke wako imebaki kubonyeza tu, vyote ni vya kwenye fungu hilo hilo la kukopi. Haraka ni ya kwake, anataka uamue kabla hujaongea na mtu.

Alafu kaa upande wake uone. Hiyo video ndo mtaji wake wote. Akishaituma hana tena cha kukushikia, na juu ya kosa la kwanza ameongeza la pili. Siwezi kukuahidi hatatuma, wapo wanaotuma, mara nyingi kwa mtu mmoja au wawili ili uone hawatanii. Ila sijawahi kuona kulipa kukamzuia mtu aliyeamua kutuma, nimeona tu kunamfanya arudi.

Haya, usiku huu. Kitu cha kwanza kila mtu anachokifanya ni kumblok na kufuta chati yote kwa aibu, na hapo anakuwa amefuta kesi yake. USIFUTE KITU. Na usimblok mpaka umemaliza haya ninayokwambia, maana na yeye anaweza kufuta upande wake, Instagram anaweza kuondoa meseji alizotuma, Telegram anaweza kufuta mpaka zilizoko kwako, na kama kwenye WhatsApp aliweka meseji za kupotea zenyewe basi saa inahesabu.

Piga skrinshoti ya chati yote kuanzia "mambo" ya kwanza, sio sehemu ya vitisho peke yake. Zile salamu na vicheko vya mwanzo ndo vinaonyesha ulivyovutwa. Kila skrinshoti ionyeshe tarehe na saa, na usikate juu pale penye jina au namba. Nilishaletewa skrinshoti moja imekatwa vizuri kabisa inasema "leta hela au nasambaza", jina hamna namba hamna, nikamuuliza sasa hii nani kaandika? Kimya. Baada ya hapo rekodi skrini ukiwa unatembea, yani unaanza kwenye chati, unabonyeza picha yake unaingia kwenye profaili, unarudi. Kopi linki ya profaili yake ya Instagram uibandike kwenye noti. Jina la akaunti anaweza kulibadilisha kesho asubuhi, kwaiyo andika jina la sasa, linki, namba ya simu pamoja na zile tarakimu za nchi mbele, na namba au akaunti aliyotaka utume hela. Kwenye WhatsApp kuna sehemu ya kuekspoti chati, itoe ujitumie kwenye imeili. Vikishakamilika weka kopi nje ya simu, simu huibiwa na huanguka kwenye maji.

Kisha chukua karatasi uandike kwa mkono wako tarehe, saa na kilichotokea. Mfano: Jumanne saa tatu usiku alipiga video koli, saa tatu na dakika kumi na mbili akatuma video na kudai hela, saa nne kasoro nikatuma, namba ya muamala hii hapa. Bila maoni, bila kujitukana. Hiyo karatasi itakusaidia kuliko unavyodhani, maana kituoni mtu akishaanza kukuuliza maswali mfululizo tarehe zote zinaruka kichwani.

Ukimaliza mripoti ndani ya programu yenyewe, Instagram na WhatsApp zote, alafu ndo umblok. Usimuage. Usimwambie "naenda polisi", usimtukane, na tafadhali usimtishie na wewe, maana nimeshakutana na mlalamikaji aliyeandika "nitakutafuta nikuue" na sisi wote tukabaki tunaangaliana, sasa kuna watuhumiwa wawili. Wala usitafute kijana wa kuhaki akaunti yake, kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa hata kama huyo mtu ni mwizi. Akija na namba mpya, skrinshoti, ripoti, blok. Hakuna kujibu. Na akaunti zako usizifute kwa hasira, zifunge ziwe praiveti, ficha listi ya marafiki na ya unaowafuata, maana ile listi ndo silaha yake ya pili baada ya video.

Mke wako. Najua hapa ndo unapotaka niruke. Siruki. Mwambie wewe kabla hajaambiwa na mgeni. Sina dawa ya maumivu ya hayo mazungumzo, ila ukishasema, nusu ya alichokushikia imekatika, na ule usiku wa kwanza unakuwa na mtu mwingine anayejua. Ukishindwa leo, basi mwambie kaka, dada, rafiki mmoja, mtu yeyote mzima wa akili, usibaki nayo peke yako. Sisemi hivi kwa kupamba. Marekani, jimbo la Michigan, mwezi Machi 2022 kijana wa miaka 17 alijiua baada ya kubanwa hivi hivi. Kama mawazo ya namna hiyo yameshakupitia, funga hapa, mpigie mtu sasa hivi, mengine utasoma kesho.

Kwa bosi na wengine inatosha meseji fupi, hamna haja ya kueleza historia: "Kuna mtu anatumia picha na video zinazonihusu kudai hela, nimesharipoti. Ukitumiwa chochote usifungue wala usimjibu, nipigie skrinshoti ya namba iliyotuma alafu umblok." Yule atakayetumiwa tayari anajua cha kufanya, na ameshakuwa shahidi.

Sasa sheria. Kutishia mtu ili akupe hela ni kosa, na ni la zamani kuliko simu. Uingereza limo kwenye sheria yao ya wizi ya mwaka 1968, kifungo mpaka miaka 14, na wakati huo hakuna aliyekuwa na intaneti mfukoni. Nchi nyingi zina kifungu cha aina hiyo kwenye sheria zao za kawaida za jinai, na juu yake zimeongeza sheria za mitandao, Tanzania ya mwaka 2015, Kenya ya 2018 ambayo kifungu cha 37 kinagusa moja kwa moja kusambaza picha za faragha za mtu. Uingereza siku hizi hata kutishia tu kwamba utasambaza ni kosa lenyewe, hujasambaza, hujadai hela. Unaona mwelekeo wa hizi sheria unaenda wapi. Zinamtafuta anayetishia.

Kwaiyo ukifika kaunta usianze na "afande kuna video yangu ya uchi". Ukianza hivo mazungumzo yote yatakuwa ya video, nani alivua, kwanini ulivua, umeoa. Anza hivi: "Nimekuja kuripoti mtu anayenitishia na kunidai hela. Ameshachukua mara mbili, miamala hii hapa, vitisho vyake hivi hapa vimeprintiwa." Kesi yako ni ya vitisho na hela. Video ni kitu alichotumia kutishia, kama kisu kwenye unyang'anyi, hakuna anayemuuliza aliyeporwa kisu kilikuwa kizuri au kibaya. Akikurudisha kwenye video, jibu kwa ufupi na ukweli alafu rudi kwenye vitisho. Na huna sababu ya kuizungusha video kaunta nzima watu waangalie, sema ipo na utaikabidhi kwa mpelelezi atakayepewa jalada, kwa utaratibu, imeandikwa kwamba imepokelewa.

Nimesema kwa ukweli. Watu wanashawishika kusema "ile video wameiediti, sio mimi" kwa kuogopa aibu. Kama ni wewe usiseme sio wewe. Siku mtuhumiwa akipatikana wakili wake ataanza na huo uongo, na ukishaonekana umedanganya kwenye kimoja hata vitisho vilivyo wazi vinaanza kutiliwa shaka. Huhitajiki kujitetea kwanini ulipokea ile simu. Unahitajika kusema kilichotokea.

Ulichouliza kuhusu kuwekwa ndani sikipuuzi. Sehemu nyingi aliyetishiwa ni mlalamikaji, basi. Ila zipo nchi ambazo kutengeneza au kutuma picha za uchi ni kosa lenyewe hata kama umemtumia mtu mmoja, na zipo ambazo hali inakuwa mbaya zaidi kama waliohusika ni wa jinsia moja. Kama uko sehemu hiyo au huna uhakika, ongea na wakili kabla hujaandika maelezo, na ikiwezekana aende na wewe. Kama mfuko umekauka, ulizia msaada wa kisheria, vituo vya sheria vya vyuo vikuu na vyama vya mawakili mara nyingi vinasikiliza mambo haya bure. Na kituoni wakikuzungusha usigombane, omba kitengo cha makosa ya mtandao kama kipo, omba jina la uliyeongea naye, na usiondoke bila namba ya ripoti.

Hiyo namba ina kazi nyingi. Kampuni ya simu au benki ulikopitishia hela, nenda asubuhi na mapema na namba za miamala hata kama hiyo ya ripoti bado, waombe waangalie kama kuna kilichobaki cha kuzuia, siku zikipita hela inakuwa imeshatolewa. Alafu kuna suala la kumbukumbu. Instagram na WhatsApp ziko chini ya Meta, kampuni ya Marekani, na sheria za kule zinaruhusu vyombo vya dola kuomba taarifa za akaunti zihifadhiwe siku 90 na kuongeza nyingine 90, wakati taratibu za mahakama zinaendelea. Mkataba wa Budapest wa 2001, ule wa makosa ya mtandao, nao una utaratibu wa namna hiyo kati ya nchi na nchi. Wewe mwenyewe huwezi kuomba, anaomba mpelelezi, kwaiyo muulize hivo hivo, "afande mmeomba akaunti hii ihifadhiwe?" Ukichelewa miezi, anwani za kuingilia, yani zile zinazoonyesha aliingia kwenye akaunti kutoka mtandao gani, zinaweza kuwa zimeshafutika.

Watu wananiambia ah, jamaa mwenyewe yuko nchi nyingine huko, nani atamkamata. Mara nyingi kweli hakamatwi, sikudanganyi. Lakini ile kesi ya kijana wa Michigan, waliombana walikuwa ndugu wawili Nigeria. Mwaka 2023 walisafirishwa mpaka Marekani na Septemba 2024 kila mmoja akapewa miaka 17 na nusu. Na hata kama wa kwako hapatikani, ripoti yako inakutengenezea karatasi ya kuonyesha benki, mwajiri, mitandao, kwamba we ndo uliyekosewa na tarehe ipo.

Kuhusu kuzuia video isienee. Upo mfumo unaitwa StopNCII, ulianza 2021, wa watu wa miaka 18 na kuendelea. Unaichagua video au picha kwenye simu yako, mfumo unatengeneza alama yake ya kidijitali, kama alama ya kidole, na hiyo alama tu ndo inatumwa, video inabaki kwako. Facebook, Instagram, TikTok na wengine walioko kwenye mpango huo wakikuta faili linalolingana wanalizuia. We unayo ile video aliyokutumia, kwaiyo fanya leo, kabla ya Ijumaa. Haizuii kila mahali, WhatsApp ya mtu kwenda kwa mtu haiingii humo, na akiikata au kuibadilisha sana alama inaweza isilingane, ila inafunga milango mikubwa. Ikishapandishwa mahali, kopi linki kwanza, piga skrinshoti, ndo uripoti chini ya kipengele cha picha za faragha bila ridhaa. Google nao wanapokea maombi ya kuondoa matokeo ya namna hiyo kwenye utafutaji. Marekani wamepitisha sheria Mei 2025 inayodai mitandao iondoe vitu hivi ndani ya saa 48 baada ya kuombwa na mhusika, na ikaipa mwaka mmoja kujipanga.

Katikati ya haya atajitokeza mtu inboksi: "mimi ni mtaalamu, naweza kuifuta video kwenye simu yake, nilipe kidogo". Huyo ni mwizi wa pili, wakati mwingine ni yule yule kwa jina jingine. Hakuna mtu anayefuta faili kwenye simu ya mtu aliyeko mahali asikokujua. Aprili 2023 FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walitoa onyo mpaka kuhusu makampuni yanayowatoza hela kubwa waliobanwa hivi, kwa mambo ambayo polisi na mitandao wanafanya bure.

Nimepata maswali ya aina hii kutoka kwa wengine pia, niyaguse haraka. Kama anayekutishia unamjua, mpenzi wa zamani kwa mfano, njia zako ni nyingi zaidi, wakili anaweza kumwandikia barua ya kumtaka aache, na unaweza kwenda mahakamani kwenye madai uombe zuio asisambaze, baadae na fidia. Zuio hata asiyejulikana jina linawezekana kwa baadhi ya mahakama, Uingereza mwaka 2011 ilitolewa amri dhidi ya "watu wasiojulikana" kuhusu picha zilizotoka kwenye simu iliyopotea. Kama ulichopata ni imeili tu inayosema "nimehaki kamera yako, nimekurekodi" na ndani imeandikwa pasiwedi yako ya zamani, tulia, hiyo pasiwedi imetoka kwenye data zilizovuja za tovuti fulani, wanatuma kwa maelfu na video hamna, badilisha pasiwedi uendelee na maisha. Kama picha ni ya kutengenezwa na akili mnemba, sura yako mwili wa mtu, vitisho ni vitisho vile vile, ripoti vile vile.

Na kama aliyebanwa ni mtoto, chini ya miaka 18, hiyo ni habari nyingine kabisa. Usimgombeze, usimnyang'anye simu kwa hasira ukafuta, na ile picha yenyewe usiifowadi kwa mtu yeyote hata kwa nia ya ushahidi, kuwa nayo na kuituma kunaweza kukuingiza wewe mzazi kwenye kosa. Piga skrinshoti za maandishi ya vitisho na profaili tu, peleka simu ilivyo polisi. Kwa picha zao kuna mfumo wa Take It Down wa NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, unafanya kazi kama ule wa juu, ni bure na hauulizi jina.

Turudi kwako. Leo skrinshoti, karatasi, StopNCII, ripoti, blok, na mke. Kesho asubuhi kampuni ya simu au benki alafu polisi, au wakili kwanza kama nilivyosema. Ijumaa kuanzia mchana simu yako usiishike, abaki nayo mke wako au huyo rafiki uliyemwambia, yeye ndo awe anaangalia kama kuna kilichotumwa na kupiga skrinshoti. Ukishapata namba ya ripoti niandikie, na kama wamekataa kuiandika niandikie pia uniambie walisema nini hasa, neno kwa neno.